Mwenyeji Mmoja, Wakimbizi Kumi

Umaskini wa vijana wa Kibirizi ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulikuwa umaskini wa wenyeji. Mwanamvua hakulijua hilo mpaka Bwana Oswald alipomweleza, kwa upole kabisa, akiwa amesimama juu ya dagaa wake waliokuwa wameanikwa mchangani.

"Bwana Oswald, dagaa," Mwanamvua alimwambia.

"Naam, dagaa," Bwana Oswald akakubali huku akitabasamu, na akaendelea kuwakanyaga kwa raba nyeupe ambazo tangu zinunuliwe hazijawahi kuguswa na mpira.

Bwana Oswald alikuwa mratibu wa mradi. Mradi wenyewe uliitwa Goli la Matumaini, ofisi yake ilikuwa Katubuka kwenye nyumba iliyopakwa rangi upya, na ulikuwa na gari jeupe lenye antena ndefu kuliko mlingoti wa bendera wa shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kuwatoa vijana kwenye umaskini kwa njia ya mpira wa miguu. Mpira ungewatoaje, hakuna aliyeuliza. Mtu hawezi kupanda treni kutoka Dar es Salaam, akala vumbi la reli ya kati mpaka mwisho wake, halafu akashuka Kigoma kuja kusema upuuzi. Ndivyo watu walivyofikiri wakati ule, kabla hawajamzoea.

Mwanamvua alitaka kujua jambo moja tu, kama vijana wa Kibirizi watapata mpira wa kweli. Timu yao ilikuwa nzuri. Walicheza siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni na vijana hawana kazi. Giza likirudi nao wanarudi ziwani na karabai zao, na mpira unasubiri. Walicheza peku, na mpira wao ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa nyuzi za nyavu mbovu. Golini alikaa Khamisi, mbele alikuwa Faridi, na wote wawili walitoka nyumbani kwake.

"Mama yangu, mradi wetu ni wa vijana wakimbizi wanaoishi mjini," Bwana Oswald alisema. "Wenyeji hawamo kwenye bajeti."

"Hata wenyeji maskini?"

"Hao wana serikali yao."

Mwanamvua aligeuka akatazama ufukwe wote, labda ataiona hiyo serikali ya vijana wa Kibirizi imekaa wapi. Hakuiona. Pengine ilikuwa imetoka kwenda kula.

Jioni ileile Kibirizi ikapata wakimbizi. Wazo lilikuwa la Faridi, kama mawazo yote ya hapo nyumbani yaliyoishia kubaya. Alisema Kiha na Kirundi vinaelewana vizuri tu, na mtu wa Dar es Salaam kama Bwana Oswald hata ukimsemesha vyote kwa pamoja hawezi kujua kipi ni kipi. Kesho yake vijana tisa waliozaliwa Kibirizi, wakakulia Kibirizi na kupigwa viboko katika shule ya Kibirizi, walimfuata Faridi Katubuka wakiwa wamekunja nyuso, na kila mmoja akasimulia jinsi alivyovuka ziwa usiku akitokea Burundi. Mudathir, mtoto wa Mwanakheri muuza mihogo, alisimulia kifo cha mama yake kwa uchungu mwingi kiasi kwamba Bwana Oswald alimnunulia soda. Mwanakheri mwenyewe alikuwa dirishani anasikiliza. Alirudi nyumbani amenuna, akilalamika kwamba mwanawe hakumlilia vya kutosha.

Pwani nzima ilicheka kwa wiki. Mwanamvua naye alicheka, ila yeye alicheka akiwa amemkataza Khamisi kwenda Katubuka.

Kwa sababu Khamisi alikuwa mkimbizi kweli.

Alikuja mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, siku zile mitumbwi kutoka Burundi ilipokuwa ikifika Kibirizi bila kukoma. Alishuka na watu ambao hawakuwa wake, wakaenda zao, yeye akabaki amekaa mchangani kando ya dagaa, mtoto mwenye kimo cha kikapu. Mwanamvua alimwuliza jina, akanyamaza. Akamwuliza mama yake yuko wapi, akanyamaza zaidi. Basi akampa fimbo akamwambia afukuze kunguru. Mtoto alifukuza kunguru mpaka jua likazama, kwa bidii ambayo kunguru wa Kibirizi hawajapata kuiona, wala hakutoa chozi. Sasa, mtu aliyekufanyia kazi lazima umpe chakula, na mtu aliyekula kwako usiku umeingia huwezi kumwambia kwaheri. Ndivyo alivyobaki. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo pwani ikamwita Khamisi.

Jina lake lenyewe alilisema baadaye sana, kwenye mkeka, akimnong'oneza Faridi. Aliitwa Dismasi. Faridi akamwambia mama yake, na lile jina halikutoka tena nje ya nyumba ile.

Faridi alimpokea ndugu yake kwa moyo mmoja, yaani tangu siku ile aliazima kila alichokuwa nacho: ndara, shati, hata sehemu ya mkeka iliyo karibu na ukuta. Hakuwa akiomba, alikuwa akichukua. Alirudisha kila kitu, lakini kikiwa kimechakaa. Khamisi alinung'unika, akamfundisha Kirundi cha kutukania, na ndugu wakawa ndugu. Baba yao hakuwepo wa kuamua ugomvi, kwani alikwenda ng'ambo ya ziwa, Kalemie huko Kongo, kununua mawese, na inaonekana mawese ya huko ni matamu sana.

Mwanamvua alikuwa amewaona walioandikishwa. Waliandikishwa leo, wakapanda lori kesho. Kambini kulikuwa na turubai, mahindi ya njano na foleni. Hakuwadharau waliokaa huko, walikuwa hawana pengine. Lakini Khamisi alikuwa na kwake. Na kutoka kambini njia nyingine iliyobaki ilikuwa ya kurudi Burundi, ambako mtoto huyu hakuwa na mtu hata mmoja wa kumpokea. Hivyo Mwanamvua hakuwa na mambo makubwa aliyoyataka duniani. Alitaka Khamisi asipande lori, basi.

Mradi ulipoanza, Kibirizi ilikuwa na wakimbizi kumi na haina golikipa. Hapo Bwana Oswald akaja na habari mpya. Wafadhili walitaka ujirani mwema, kwa hiyo kila timu iwe na mwenyeji mmoja, na awe mwenyeji halisi, siyo wa kubahatisha. Vijana walitazamana. Wenyeji wote walikuwa wamekwisha kuwa wakimbizi. Aliyebaki bila kuandikwa alikuwa mmoja tu.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Khalfani, aliitwa kutoa ushahidi. Alikuwa mzee wa Ujiji, mtu wa swala tano, na watu walidhani angalau atasitasita.

"Huyu Khamisi ni wa hapahapa," alisema bila kupepesa. "Hata kunguru wanamjua."

Bwana Oswald alifurahi mno. Akataka picha siku hiyohiyo, mkimbizi na mwenyeji wakipeana mikono, ufukweni, ziwa likionekana nyuma. Akamchagua Faridi kwa sababu alikuwa na sura ya huzuni, sura aliyokuwa nayo tangu asubuhi kwa kukosa kifungua kinywa. Wakasimamishwa wakitazamana, vijana waliolala kwenye mkeka mmoja miaka yote ile.

"Usimwogope," Bwana Oswald alimwambia Khamisi. "Mkimbizi ni binadamu kama wewe."

"Ndiyo, bwana," Khamisi akajibu.

"Haya, ulizaneni majina. Zungumzeni."

"Unaitwa nani?" Khamisi aliuliza.

"Faridi," akajibu Faridi, akiminya midomo isipasuke. "Na wewe kwenu ni wapi?"

Khamisi aliutazama mchanga. "Hapa," alisema. "Kwetu ni hapa."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walikuwa wameinama wote, wanatetemeka kwa kicheko. Mwanamvua aliinama pamoja nao, akaona macho yake yamelowa, na haikuwa kwa kucheka. Tangu mtoto yule ashuke mtumbwini hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka neno lile, kwetu. Sasa limetamkwa kwa ajili ya picha ya Bwana Oswald. Tangu hapo Bwana Oswald alimwita Mwanamvua Mama Khamisi, na pwani nzima, iliyomjua kwa jina la Mama Faridi, ikawa inaona raha kumsikia.

Kisha zikaja jezi. Zilikuwa za rangi ya chungwa, nzito, mikono mirefu, zimeshonwa na mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za jua la Kigoma. Mgongoni ziliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe. Kumi ziliandikwa MKIMBIZI. Ya Khamisi iliandikwa MWENYEJI.

"Namba je?" aliuliza Mudathir. "Refa atatujuaje?"

"Namba si muhimu," alisema Bwana Oswald. "Mfadhili akitazama picha anataka kuona fedha zake zimemfikia nani."

Jezi zilikuwa na faida moja ambayo mradi haukuipanga: ziwani usiku, upepo unapotoka ng'ambo, zilikuwa na joto zuri sana. Faridi hakuivua ya kwake ila kwa kufua. Khamisi naye alivaa ya kwake kila walipotoka na karabai, maana akiiacha nyumbani siku Faridi asipokwenda ziwani, angeikuta imeazimwa. Kwa kadiri Mwanamvua alivyoweza kuona, huo ndio umaskini pekee uliopunguzwa na Goli la Matumaini: umaskini wa baridi.

Mazoezi yalipangwa asubuhi, saa ambayo wavuvi wanalala. Mwezi ulikuwa umekwisha, giza limerudi, vijana wanakesha ziwani. Bwana Oswald akifika uwanjani na filimbi yake anamkuta mbuzi mmoja. Alipochoka aliitisha mkutano, akawapa vijana mhadhara juu ya uvivu. Nao walimsikiliza wakisinzia, na hilo likamthibitishia aliyokuwa akiyasema. Mwanamvua alimwambia, Bwana Oswald, subiri mbalamwezi, utawapata wote. Akajibu kwamba mradi hauendeshwi kwa mambo ya nyota.

Fainali ikachezwa gizani vivyo hivyo, yaani mchana kweupe, lakini katika siku za giza. Wakimbizi wa Kibirizi walipambana na wakimbizi wa mtaa wa Mwanga, ambao nao walikuwa wamekimbia kutoka kwenye vibanda vya mafundi cherehani, nyuma ya soko. Mashabiki walijaa. Mgeni wa wafadhili alikaa kwenye kiti cha kuazima, akifuta jasho na kuguswa moyo. Watu walipiga kelele, "Warundi oyee!" huku wakiwataja wachezaji kwa majina ya mama zao. Timu ya Mwanga ilikuwa imelala usingizi wake kamili. Ya Kibirizi ilitoka mtumbwini ikaingia uwanjani, na beki wa kulia alilala kweli, amesimama wima, ameegemea mlingoti wa goli. Khamisi akabaki peke yake. Aliruka huku, akaruka kule, akadaka hata mipira iliyokuwa inakwenda nje, kwa bidii ileile ya kunguru. Mwishoni Faridi aliamka akafunga bao moja, na Kibirizi ikawa bingwa.

Zawadi ya ubingwa ilikuwa semina ya ujasiriamali. Mtaalamu alitoka mbali kuja kuwafundisha namna ya kuuza dagaa. Kabla ya kuanza aliomba afahamishwe dagaa ni nini hasa, wakubwa au wadogo. Wakamjulisha, naye akawafundisha. Kila mmoja akapewa kalamu.

Mpira wa kweli ulirudishwa Katubuka, kwenye stoo ya mradi, usije ukachakaa.

Mambo yangeishia hapo, kwenye vicheko, kama isingetoka ile amri. Ilitangazwa redioni jioni, baada ya taarifa ya habari: wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe wapelekwe kambini, na kazi inaanza alfajiri. Halafu nyumba kwa nyumba ukimbizi ukaanza kupona. Jezi ya Mudathir ilikatwa vipande ikawa matambara ya kushikia sufuria, na Mwanakheri, aliyekuwa marehemu kwa muda wote wa mradi, alifufuka akakaa mlangoni kwake ili aonekane vizuri.

Lakini Faridi na Khamisi walikuwa ziwani. Walitoka mapema, kabla ya taarifa ya habari, na jezi zao mwilini.

Mwanamvua hakulala. Alfajiri alikuwa ufukweni, na lori lilikuwa pale kabla yake. Askari na mgambo walikuwa wamesambaa, na afande wao, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa ameshachoka ingawa jua halijapanda. Alikuwa akiuliza kila kijana kwao ni wapi, na kila kijana alijibu hapa. Akawasemesha, wote walisema kwa lafudhi moja. Muha na Mrundi kwake vilikuwa vitu viwili vilivyomwagwa kwenye kapu moja, na aliyemwagiza awatenganishe hakumwambia njia.

Mtumbwi ukatokea. Mwanamvua aliuona mbali, rangi ya chungwa mbele, rangi ya chungwa nyuma. Alifungua kanga yake ya juu akapunga kwa nguvu zote, akijivuta kifua cha gauni kuonyesha: vueni, vueni! Vijana wakasimama mtumbwini. Walikuwa wamepata dagaa wengi usiku ule na walikuwa na furaha. Wakampungia.

Walishuka majini wamebeba karabai, wanacheka. Afande aliposoma migongo yao uso ulimng'aa. Asubuhi yote ile alikuwa akitafuta tofauti kati ya watu, na hawa walikuwa wameandikwa kabisa.

"Wewe," alimwambia Faridi. "Panda."

Mwanamvua alishafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini: afande, huyo ni mwanangu, nimemzaa mimi, hizo jezi ni mchezo wa kijinga wa mtu mmoja wa Katubuka. Yalikuwa kweli tupu, na pwani nzima ingemuunga mkono. Kisha akayaona yanakokwenda. Ikiwa jezi ya Faridi inadanganya, afande atauliza ya Khamisi inasema nini. Atamwambia avue, atamwuliza alizaliwa wapi, nani alimzalisha, shule alianza mwaka gani. Faridi alikuwa na watu wa kumshuhudia tangu kitovu chake kilipokatwa. Khamisi alikuwa na kunguru.

Akaufunga mdomo.

Khamisi aliweka mguu mbele. "Afande," alisema, "mimi ndiye..."

Faridi alimsukumia karabai yake kifuani, kwa nguvu, mpaka Khamisi akawa amekumbatia mbili na hana mkono wa kufanyia kitu. "Shika taa zako, mwenyeji," alimwambia. Alilisema kwa sauti ambayo Mwanamvua hakuijua, sauti ya mtu wa ng'ambo. Kisha akamgeukia afande.

"Ndi Umurundi," alisema. Mimi ni Mrundi. Akaongeza jina: "Nitwa Dismasi."

Khamisi alitazama juu kama mtu aliyeitwa.

Kile Kirundi kilikuwa kibaya. Kila mtu pale ufukweni alisikia kwamba ni Muha anayejikaza, wa Kibirizi kabisa, wa kutoka pale kwenye mihogo. Mwanakheri, mwanamke ambaye siri haijapata kulala kwake, alikuwa amesimama karibu na afande kuliko wote. Alimtazama Faridi, kisha akamtazama Khamisi.

"Mama Khamisi," alisema Mwanakheri, polepole, akimshika Mwanamvua mkono. "Hebu njoo ukae, Mama Khamisi. Jua linapanda."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pwani ile kumwita hivyo.

"Wewe mama," afande alisema. "Nilikuona unapunga. Ulitaka kusema neno. Unamfahamu kijana huyu?"

Mwanamvua alikuwa mwanamke wa maneno. Aliwahi kumtukana mchuuzi wa Mwanga kuanzia sokoni mpaka kwake bila kurudia tusi. Sasa alimtazama mtoto aliyemzaa, mwenye pua yake na kiburi cha baba yake, na alitamani ardhi ipasuke imeze lori, afande, Katubuka na mpira wote wa duniani.

"Simfahamu," alisema.

"Na huyu mwenyeji?"

"Huyu ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Afande alimtazama Mzee Khalfani, aliyekuwa amesimama na kofia yake mkononi. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Safari hii hakuwataja kunguru.

Faridi alipanda lori mwenyewe, bila kusukumwa, akakaa juu ya gurudumu la akiba katikati ya watu waliobeba vifurushi. Yeye hakuwa na kifurushi, alikuwa na harufu ya dagaa tu. Lori lilipowaka aligeuka.

"Amahoro, mama," alimwambia, kama mtu anavyomsalimia mwanamke asiyemjua barabarani.

"Amahoro," Mwanamvua akajibu, kama anavyojibiwa mpita njia.

Aliendelea kusimama mpaka vumbi likatua. Mzee Khalfani akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atapanda gari la Kasulu, kwenye kambi, yeye mwenyewe, na mwalimu aliyemfundisha Faridi, na mkunga. "Wa kwetu tutamtoa, binti yangu. Tutasema tulichanganyikiwa. Itachukua muda, lakini yeye ana pa kutokea." Mwanamvua alijua kwamba ni kweli. Alijua pia kwamba mtoto wake atalala chini ya turubai akingoja wazee waaminike, na kwamba mambo ya namna hii yakishaingia ofisini yana tabia ya kusahaulika.

Bwana Oswald alifika jua likiwa limepanda, na gari jeupe, na kamera. Alikuwa amesikia, na alikuwa na furaha kuliko ilivyotarajiwa.

"Mama Khamisi, usiwe na wasiwasi juu ya yule kijana," alisema. "Tunafungua tawi kambini mwezi ujao. Ataendelea na mpira. Kwa kweli kwake ni hatua." Akatazama huku na huku. "Hakuwa na ndugu hapa?"

"Alikuwa naye mmoja," Mwanamvua alisema. "Bwana Oswald, dagaa."

Safari hii Bwana Oswald alitazama chini, akaona alipokanyaga, akaomba radhi. Kisha akaondoka.

Khamisi alikuwa bado amesimama palepale, karabai mbili kifuani, maji yanamlamba miguu. Mwanamvua alikwenda akazitoa moja moja mikononi mwake, akaziweka mchangani.

"Mama," alisema Khamisi, "lile ni jina langu."

"Najua, mwanangu."

"Hakuniomba."

"Faridi amekuomba kitu lini?" Mwanamvua alisema. "Ameliazima tu. Atalirudisha."

"Litarudi limechakaa," alisema Khamisi, na hapo ndipo alipolia, kilio kilichokuwa kikimngoja tangu siku ile alipopewa fimbo. Mwanamvua alikaa mchangani akamvuta, wakalia wote wawili, bila kujali nani anawatazama, na kunguru wakala dagaa mpaka wakashiba.